Fundo Jekundu la Kobe Rubani

Kila siku baada ya masomo, Kifungo alikwenda moja kwa moja kwenye chumba cha kushonea cha mama yake, akavua viatu mlangoni na kukaa kwenye kigoda chini ya dirisha. Kazi yake ilikuwa kukata nyuzi zilizoning'inia na kushikiza vifungo, ndiyo maana wenzake shuleni walimpachika jina hilo. Msimu wa sare mpya ulikuwa umewadia. Mashati na sketi zilirundikana mezani, na mama alikuwa amechoka hadi sauti. Miguu yake ilivimba kwa kukanyaga cherehani, na aliyemsalimu alijibiwa bila yeye kuinua kichwa. Kifungo naye alikuwa hoi, maana vifungo vya sare haviishi. Ukimaliza shati hili, lingine linakukodolea macho.

Kilichomchangamsha ni vipande vya kitambaa vilivyoanguka sakafuni. Aliviokota, akavishona kuwa Kobe Rubani, yule kobe wa katuni za televisheni anayevaa miwani ya kurukia na bado anachelewa kila safari. Aliwagawia wenzake bure, nao walicheka kumwona rubani mwenye tumbo la sare ya shule. Kila mtu alijua ni kazi ya mikono yake. Tumboni aliweka fundo dogo la uzi mwekundu, kama mama yake alivyoweka mwishoni mwa kila mshono. Hiyo ilikuwa desturi ya mama tangu aanze ufundi.

Lakini midoli ya dukani ilikuwa na hadhi nyingine. Ilitengenezwa na wenyewe wenye katuni, ikaja michache michache, kila mmoja na lebo ya rangi ya fedha mguuni. Watoto waliikusanya, na kila Jumamosi waliibadilishana kwenye meza ndefu ya duka la midoli. Kifungo aliishia kuchungulia dirishani, kwa kuwa hakuwa na cha kubadilisha. Rafiki yake Kipenga, aliyeitwa hivyo kwa sababu akicheka husikika hadi darasa la jirani, alikuwa na Bundi Nahodha halisi, wa katuni hizohizo, aliyepewa na shangazi yake. Kifungo alimtamani Bundi huyo hadi akamwota.

Siku moja aliokota jalalani mguu uliochanika wa Kobe halisi, lebo yake ikiwa nzima. Akaibandua. Alichagua kitambaa kizuri, akashona kwa utulivu kuliko siku zote, na safari hii hakuweka fundo jekundu tumboni. Alishikiza lebo mguuni, akamwambia Kipenga kwamba Kobe huyo ameletewa na mjomba aliyekuwa safarini. Kipenga hakuuliza mara mbili. Walibadilishana siku hiyohiyo, na Bundi akahamia chini ya mto wa Kifungo.

Jumatatu iliyofuata Kipenga aliingia chumba cha kushonea macho yamemwiva. Alimwamkia mama, akatoa Kobe aliyepasuliwa tumbo. Alieleza kwamba mwenye duka alimpasua mbele ya watu wote, akasema ni feki, akamwita yeye tapeli na kumfukuza mezani. Sasa njia nzima wanamwita Feki.

"Naomba umshone, mama," alisema. "Mwenye duka amekosea. Nilimwambia rafiki yangu hawezi kunidanganya."

Kifungo aliendelea kushikiza kifungo ambacho alikuwa amekwisha kukishikiza. Aliona aibu hadi masikio yakamwaka.

Mama alichokonoa tumbo la Kobe. Lilijazwa vipande vya sare, vilevile vilivyokuwa chini ya meza yake. Mwishoni mwa mshono, upande wa ndani, palikuwa na fundo jekundu. Kifungo alikumbuka kutoweka la nje, lakini la ndani mkono wake ulilifunga wenyewe kwa mazoea. Mama alimwomba Kipenga amwache Kobe hapo, akamsindikiza hadi mlangoni.

"Nimechoka, mwanangu," alisema aliporudi. "Hata nguvu ya kukugombeza sina. Niambie ukweli tu."

Kifungo alieleza yote. Kisha, kwa kuwa ukaidi haukosi la kusema, akauliza mbona wale Kobe aliowagawia wenzake hakukatazwa, wakati ni Kobe yuleyule.

Mama hakulipuuza swali hilo. Alisogeza sketi pembeni na kufikiri kwanza. "Kobe si wetu," alisema. "Kuna watu walikaa wakambuni, na wanaishi kwa kazi hiyo kama sisi tunavyoishi kwa hii. Ukimshona wa kuchezea, ukasema wazi umemshona wewe, hujamdanganya mtu. Ungetaka kuwauza, ningekuambia tuwaombe wenyewe ruhusa kwanza. Lakini huyu ulimvika jina la watu ili rafiki yako aamini uongo."

Jumamosi mama alifunga chumba, sare zikiwa zinasubiri, wakampitia Kipenga na kwenda naye dukani. Njiani Kifungo alimwambia ukweli, na Kipenga akahamia upande wa pili wa barabara. Pale mezani, mbele ya watoto wote, Kifungo alisema ni yeye aliyemshona Kobe na kumshikiza lebo, na kwamba Kipenga hakujua lolote. Mwenye duka alivua miwani, akafikicha macho. Alisema amechoshwa na midoli bandia na watoto wanaorudi kulia, hata akasahau kuuliza kabla ya kupasua. Alimwomba Kipenga radhi na kumvutia kiti. Kifungo alimrudishia Bundi wake. Kipenga alimpokea, akamkagua lebo.

Walipofika kwenye chumba cha kushonea, Kifungo alishangaa kuona Kipenga amewafuata. Alisema amemfuata Kobe wake. Mama alimpa Kifungo sindano. Kifungo akatoa lebo ya fedha mguuni, akashona tumbo, kisha akashika uzi mwekundu asijue kama ana haki ya kuutumia.

"Liweke nje, lionekane," mama alisema. "Fundo langu si urembo. Namwambia mteja kwamba hii nimeshona mimi, ikifumuka anirudishie. Anayeficha kazi yake chini ya jina la mwingine anaikimbia siku hiyo ya kurudishiwa. Wewe usiikimbie."

Alirudi kwenye cherehani, akaanza kukanyaga tena. Kifungo alifunga fundo na kumkabidhi Kipenga Kobe wake. Kipenga alimgeuzageuza, akalivuta lile fundo kuona kama limekaza. Hakutabasamu, lakini alimtia Kobe kwenye mkoba wake.

"Akifumuka," alisema, "nitakuletea wewe."