Kura Moja Pungufu

Walikutana kwenye foleni ya gumbo, mchuzi mzito wa kwao, katika mkahawa wa bunge la jimbo, Baton Rouge, siku ya kuapishwa. Odile Fontenot alivaa gauni la buluu aliloazima kwa dada yake. Lucien Guidry, mbunge mpya kama yeye kutoka vijiji vya vinamasini, akamgonga kiwiko. Mchuzi ukamchirizikia gaunini.

"Pole, Mheshimiwa! Nikufulie, au nikuoe kabisa?"

"Kwanza jifunze kushika bakuli."

Ukumbini wakapangiwa meza za jirani. Haikufika Pasaka, wenzao walishawaita maharusi.

Odile aliwaahidi wapiga kura wake jambo moja: kukomesha mazoea ya wabunge kubonyezeana vitufe vya kura. Mmoja akitoka, jirani humpigia. Muswada wake ungesomwa wiki ijayo, na nusu ya ukumbi ilikuwa ikimcheka.

Jumatano, simu ikatetema.

"Mama kazidiwa, siwezi kutoka hospitali," alisema Lucien. "Kura ya zahanati yetu ni leo. Nibonyezee, kipenzi."

"Lucien..."

"Cha kijani tu. Si unajua ningepiga hivyo?"

"Najua. Wiki ijayo nitasimamaje pale mbele?"

"Watu wangu wanaenda maili arobaini kumtafuta daktari! Mama kachelewa kutibiwa kwa hilo hilo. Odile, nakuomba."

"Nitabonyeza changu. Chako siwezi. Nisamehe, mpenzi."

Simu ikakatwa.

Spika alipofungua kura, kidole cha Odile kilivuka hadi meza ya Lucien, kikagusa ubaridi wa kitufe, kikarudi. Taa za kura zikaganda ubaoni. Muswada wa zahanati ulianguka kwa upungufu wa kura moja.

Mama yake Lucien alizikwa Jumamosi. Odile alisimama nyuma kanisani, asithubutu kusogea.

Jumatano iliyofuata Lucien alirudi, suti nyeusi, macho mekundu. Muswada wa Odile uliposomwa, alibonyeza kijani kabla ya wote. Ukapita.

"Ahsante," Odile alinong'ona. "Nilidhani utanikomoa."

"Ulikuwa sahihi. Ndicho kinachoniuma." Akakusanya karatasi zake. "Nimeomba wanihamishie safu ya nyuma."

"Na Jumapili? Hutakuja kula kwangu kama kawaida?"

"Usinipikie, Odile."

Wabunge wakaja kumpongeza Odile, hata wale waliomcheka. Akawapa mkono mmoja mmoja, akitabasamu, huku karani akibandua jina la Lucien kwenye meza ya jirani.