Mtihani wa Tshimanga

Ratiba ya mitihani aliibandika Émérence mwenyewe, na jua halijapanda wanafunzi wakajaa mlangoni kwake wakinung'unika. Kemia ya mwaka wa pili na fizikia ya mwaka wa mwisho zimegongana: saa ile ile, ukumbi ule ule. Émérence, katibu wa masomo wa chuo kimoja cha ualimu Likasi, akatoka kutazama. Kweli, na mwandiko ulikuwa wake. Lakini fizikia hakuiandika. Mwaka ule wa 1993 mwalimu wa fizikia hakuwapo tena, wala wanafunzi wake. Walikuwa watu wa Kasai, na watu wa Kasai walikuwa wamefukuzwa mjini warudi mkoa wa kwao.

Akaihamishia kemia alasiri, fizikia ikaifuata. Akaipeleka ukumbi mwingine. Ikaifuata na huko. Kila aliposogelea ubao alipigwa na harufu ya moshi na blanketi mbichi, ndivyo ilivyonuka stesheni wakati watu hao walipolala nje wakingoja treni.

Mkurugenzi Germain alimwita ofisini. "Madame, bale bantu balishaka kuenda. Juu ya nini uko unabaandikia examen?"

Émérence alimkumbuka Tshimanga, kijana aliyebakiza mtihani mmoja tu apate diploma. Alikuja kuomba apewe mapema, maana treni ingeweza kufika siku yoyote. Émérence alimpangia tarehe. Germain akaifuta, akamwambia kijana akaufanyie kwao. Tshimanga alifia stesheni kwa homa, treni haijafika.

"Haiko minye njo niliandika," Émérence alisema. "Na Tshimanga, weye njo ulimukatalia."

Siku ya kemia wanafunzi waliingia ukumbini, na muda si muda wakatoka mbio, kwa sababu nyuma kabisa, kwenye dawati ambalo hakuna aliyelikalia, kiti kilijivuta chenyewe, kikohozi kizito kikaanza, na ile harufu ikajaa hadi walio mbele wakaziba pua kwa mashati yao.

Germain akamwita Mama Clémentine, mwanamke wa maombi kutoka mtaa wa Shituru, aje alitoe hilo jini. Mama alishika mlango, akaomba kwa sauti hadi jasho likamtoka, kisha akauachia mlango ghafla.

"Uyu hatumufukuze," alinong'ona. "Mulishaka kumufukuza. Iko anaomba examen yake."

Germain aliamuru ukumbi upigiliwe misumari, akaondoka. Kabla nyundo haijapatikana, Émérence alichukua maswali ya zamani ya fizikia, akayaweka kwenye dawati la nyuma pamoja na kalamu, akaenda kukaa mbele. Kalamu ikaanza kukwaruza karatasi, taratibu, kisha kwa pupa, na kikohozi kikawa kinakatika na kuendelea, kinakatika na kuendelea, na yeye hakuinua macho wala hakukimbia, kwa kuwa aliona aibu kumkimbia mtu ambaye chuo kizima kilikuwa kimemkimbia.

Saa ilipokwisha akasema, kwa sauti ndogo, kwamba muda umetimia. Kalamu ikaanguka.

Mwalimu Adolphe wa kemia alisahihisha kwa niaba ya mwenzake wa fizikia. Tshimanga alikuwa amefaulu. Émérence alibandika jina lake ubaoni, Germain akimtazama, na kemia ikafanyika kwa amani.

Kesho yake asubuhi, Émérence alipokuwa anafungua ofisi, alisikia vishindo koridoni. Vilikuwa vya mizigo kutuliwa sakafuni. Sufuria ziligongana ndani ya mafurushi, mtoto mchanga akalia, akabembelezwa, watu wakasukumana wakitafuta nafasi ukutani. Koridoni hapakuwa na mtu.

Germain alichungulia kutoka kwake, uso umempauka. "Ni banani?" aliuliza chini chini.

"Banafunzi yako."

Émérence akatoa maswali yote ya mwaka wa mwisho, somo kwa somo, akayapanga mezani. Kisha akaufungua mlango hadi mwisho, akamwita wa kwanza.