Damu ya Panya Wazima

Asubuhi ya Jumanne, Yorleny aliinamisha kichupa cha kwanza na damu ikatiririka kama maji. Dakika ishirini zilikuwa zimepita. Ilipaswa iwe imeganda. Akainamisha cha pili, cha tatu, hadi safu nzima ikaisha. Hakikuganda hata kimoja.

Panya waliotolewa damu hiyo walikuwa wamechomwa sumu ya tersiopelo, nyoka anayeua vibarua wa mashamba ya ndizi, kisha wakapewa dawa mpya aliyoitengeneza Yorleny kutokana na damu ya kondoo. Sumu hiyo huzuia damu kuganda; dawa ikifaa, damu huganda.

"Dawa imwagwe yote saa sita," alisema Daktari Evelio, mkuu wa maabara. "Nawe ufungashe vitu vyako."

Miaka minne ya kazi, imwagwe kama maji ya kuoshea vyombo! Akiamini kuna mtu aliyemhujumu, Yorleny alikwenda moja kwa moja kwa Hannia, mkuu wa ulinzi. Hannia alikuwa mpelelezi wa polisi kabla magoti hayajamgomea, na hakuwa mtu wa kukurupuka. Alimaliza kahawa yake kwanza.

Alianza na Randall, mkamua sumu ya nyoka. Maabara nzima ilijua kwamba aliwahi kuwa mchumba wa Yorleny na kwamba waliachana kwa matusi.

"Ulizidisha sumu?"

"Mama Hannia, nimeachwa, sijarukwa na akili! Kipimo alipima Daktari mwenyewe. Kamuulize."

Hannia akamuuliza. Ilikuwa kweli. Akarudi kwenye vichupa.

"Hivi vyenye alama nyeupe ni vya nani?"

"Vya panya wazima. Wale walichomwa maji ya chumvi tu, tupate cha kulinganisha."

"Sumu hawakupewa?"

"Hata chembe."

"Na damu yao?"

Yorleny akainamisha kichupa. Akainamisha kingine. "Mungu wangu," alisema. "Nayo haijaganda."

"Basi tuiache dawa, tuvitazame vichupa." Hannia alichukua kimoja kisichotumika, akatia maji, akatikisa. Povu likapanda. Akanusa: kafuri. "Unaviosha kwa sabuni?"

"Thubutu! Sabuni ikibaki kwenye kioo, damu inagoma kuganda. Mwezi uliopita nilimfokea mzee Odilio mbele za watu, alipotaka kunisaidia kuosha."

Odilio alitunza farasi waliokuwa wakitolewa damu ya kutengenezea dawa ya zamani. Kila jioni alipita chumba cha kuoshea vyombo kuchota maji ya moto ya kumkanda Canela, farasi jike aliyezeeka. Vichupa vilikuwa vimeanikwa humo tangu Jumatatu mchana.

Saa tano walimkuta zizini. Daktari alifuata nyuma, amenuna.

"Mzee wangu," alisema Hannia, "sabuni yako ya farasi ina kafuri?"

"Ina."

"Na jana jioni ukavisuuza nayo vichupa vya huyu binti?"

Odilio aliendelea kumpiga Canela brashi. "Nilivisuuza. Nilitaka dawa ishindwe."

"Vyote? Hata vya panya wazima?"

"Kwani wazima nao wanatolewa damu?" Alishangaa kweli, maskini, na Hannia alimwonea huruma.

"Nimekukosea nini?" Yorleny alifoka.

"Kondoo wakifaulu, farasi watakuwa na kazi gani? Huyu ana miaka ishirini na tatu. Watampeleka machinjioni."

"Nani kakwambia? Dawa yangu ni ya wagonjwa wachache ambao miili yao inaikataa ya farasi! Farasi hawaendi popote. Si ungeniuliza, mzee?"

"Ungenifokea."

Dawa haikumwagwa. Alasiri walipima upya, panya wengine, vichupa visafi. Damu ya waliopewa dawa iliganda, ikang'ang'ania kioo. Yorleny alilia bila kujificha, na Daktari akamwomba radhi. Kisha Daktari akashuka zizini na kunyoosha mkono. Odilio akampa ufunguo wa zizi.

Alipofika langoni na vitu vyake, mzee alimgeukia Yorleny.

"Canela hali chakula akiwa peke yake. Mtu asimame naye."

"Kwa muda gani?"

"Mpaka amalize."