Sahani ya Bi Rumaitha

Katika kabati la Bi Mwatima wa Makangale kulikuwa na sahani moja isiyo yake. Ilikuwa sahani ya bati, nyeupe, yenye ua jekundu katikati. Mwenyewe ni jirani yake, Bi Rumaitha. Sahani hiyo haikujua kutulia. Asubuhi inakuja na mkate wa mofa, jioni inarudi na mihogo ya nazi. Kurudisha sahani tupu ni aibu, na Bi Mwatima hakuwa mtu wa kukubali aibu.

Mumewe, Mzee Haroub, alikuwa mkulima. Msimu wa karafuu alikuwa mchumaji hodari. Mwaka uliopita alipata kiharusi. Mshipa wa damu kichwani uliziba, mkono na mguu wa kulia vikalegea. Alilazwa hospitali, akapata nafuu, akarudi nyumbani na pakiti nne za vidonge. Hiki asubuhi, kile usiku, hiki baada ya kula. Bi Mwatima alichoka kukumbuka. Akavitia vyote ndani ya kopo tupu la maziwa, akawa anampa mumewe kwa rangi.

"Leo zamu ya cheupe au cha njano?" Mzee Haroub huuliza.

"Kunywa tu, bwana wee. Vyote vyenda tumbo moja."

Siku moja Bi Rumaitha alileta sahani imejaa matunda ya shokishoki.

"Jirani, kichwa chaniuma tangu jana. Presha hino, najua. Huna japo vidonge viwili vya mumeo?"

Siku hiyo jikoni hamkuwa na kitu cha kurudishia sahani. Bi Mwatima alifunga vidonge vinne, vyeupe na vya njano, katika karatasi, akaviweka juu ya ua jekundu. Wiki ya pili sahani ilikuja na samaki wa kukaanga, ikarudi na vidonge sita. Basi ikawa ndiyo mazoea. Kopo likapungua. Mzee Haroub hakulalamika, maana alijiona mzima. Siku vidonge vyake vya presha vilipokwisha, hakuna aliyekwenda duka la dawa Konde kutafuta vingine.

"Kwani naumwa?" alisema.

Asubuhi ya Ijumaa walikuwa wanakunywa chai. Kikombe kikamponyoka Mzee Haroub. Mdomo wake ukaenda upande. Alitaka kusema neno, ikatoka sauti tu isiyoeleweka.

"Haroub! Haroub, niangalie!" Bi Mwatima alipiga kelele. Alimwona mumewe anaondoka mbele ya macho yake.

Mpwa wao, Pandu, alileta gari. Gari lenyewe lilikuwa na bendera ya chama kile ambacho Mzee Haroub hataki hata kukisikia. Lilipofika mlangoni, mdomo wa mzee ulikuwa umekwisha kurudi mahali pake.

"Nishapona," alisema. "Na gari hino mie siipandi."

"Utapanda!" alisema mkewe. Na kweli alipanda.

Hospitali daktari alimpima. Presha ilikuwa juu sana.

"Umefanya vizuri kumleta, ingawa ameanza kusema," alimwambia Bi Mwatima. "Mara hii mshipa uliziba, ukazibuka wenyewe. Je, ukiziba tena usizibuke?"

Swali hilo lilimkaa Bi Mwatima kifuani siku mbili nzima, mpaka mumewe aliporuhusiwa kurudi nyumbani.

Siku ya tatu alifika Yumna, nesi wa kituo cha afya. Alikuwa binti wa watu, mpole, lakini macho yake hayapitwi na kitu.

"Shikamoo, Bi Mwatima. Naomba kuziona dawa za zamani."

Kopo lililetwa. Yumna alilimimina juu ya mkeka.

"Za presha zi wapi? Na za kuzuia damu kuganda, mbona zimebaki tatu tu?"

Bi Mwatima aliitazama sahani kabatini.

"N'likuwa nampa jirani. Sahani yake siwezi kuirudisha tupu, mwanangu." Hapo machozi yakamtoka. "Basi mie ndiye n'liyetaka kummaliza mume wangu!"

Yumna hakumcheka wala hakumkaripia. Alimshika mkono.

"Mzee yu hai, na wewe bado una nafasi. Nisikilizeni nyote wawili."

Alitoa pakiti mpya aliyoiandika daktari. Akampa Mzee Haroub kidonge kimoja.

"Hiki ni kidonge cha pamoja. Ndani yake mna dawa nne. Mbili ni za kushusha presha. Moja inazuia damu isigande. Ya nne inapunguza mafuta mabaya yanayoziba mishipa. Utakunywa kimoja tu kila siku, saa ileile."

Mzee Haroub alikigeuza kidonge kiganjani.

"Kidogo namna hino kimebeba dawa nne?"

"Zimo zote. Hakuna ya kusahau, hakuna moja kuisha kabla ya nyingine."

"Na Ramadhani?"

"Kinywe baada ya kufuturu. Lakini uje tukupime kabla hujaanza kufunga."

"Na nikijiona mzima?"

"Uendelee kunywa. Ukijiona mzima ujue dawa inafanya kazi. Ulipoacha, umeona yaliyokufika. Na zile za zamani usichanganye na hiki."

Yumna akamgeukia Bi Mwatima.

"Na hiki hakigawiwi. Si kila kiharusi ni cha mshipa kuziba. Kuna cha mshipa kupasuka. Mzee alipigwa picha ya kichwa ndipo daktari akajua. Dawa inayozuia damu kuganda yaweza kumdhuru mtu mwingine. Mwenye vidonda vya tumbo yaweza kumtoa damu."

Bi Mwatima alisimama wima.

"Vidonda vya tumbo? Rumaitha ana vidonda vya tumbo!"

Alitoka mbio na kiatu kimoja, Yumna nyuma yake. Walimkuta Bi Rumaitha amelala, ameshika tumbo.

"Laniunguza wiki nzima," alisema kwa taabu. "Na choo changu cheusi kama masizi. N'liona haya kusema."

"Choo cheusi namna hiyo ni damu," alisema Yumna. "Twende hospitali sasa hivi."

Gari la Pandu lilifanya kazi tena. Bi Rumaitha alitibiwa, akapona. Presha yake nayo ilipimwa, akapewa dawa inayomfaa mwenyewe. Aliporudi, Bi Mwatima alimwendea kichwa chini.

"Nisamehe, jirani. N'liona haya kukunyima."

"Na ungeninyima ningenuna," alisema Bi Rumaitha.

"Bora ungenuna."

Wakakumbatiana, wakalia, kisha wakacheka.

Miezi sita ikapita. Kila siku baada ya sala ya Magharibi Mzee Haroub alikunywa kidonge chake. Samaki wa chumvi walipungua mezani, ingawa alinung'unika. Kila asubuhi alifinya ndimu kwa mkono wa kulia ili uzidi kupata nguvu, kama Yumna alivyomfundisha. Kila mwezi alikwenda kituoni kupimwa, na presha ikashuka ikatulia.

Jioni moja sahani ya ua jekundu ilikuja na visheti. Siku ya pili baada ya Magharibi Bi Mwatima aliipangia ndizi mbivu.

"Nipe nipeleke mie," alisema Mzee Haroub.

Aliichukua kwa mkono wa kulia. Bi Mwatima alitaka kumwambia aishike kwa mikono miwili, akajizuia. Alisimama mlangoni akiitazama sahani ikivuka uwanja, polepole. Haikuanguka hata ndizi moja.

Bi Rumaitha aliipokea, akachungulia chini ya ndizi.

"Leo hamna kidonge humu?"

"Hamna," alijibu Mzee Haroub, kwa sauti safi iliyofika mpaka kwa mkewe. "Changu n'shakinywa."