Udugu wa Majimoto

Pikipiki ya mbele ilikata kona ya Bawen bila kupunguza mwendo.

Wening aliongeza moto. Yamaha yake ikalia, mvua ya asubuhi ikimchapa kwenye kioo cha kofia.

"Kituo, Melati hapa," alisema redioni, kwa jina lake la kazi. "Namwona. Honda nyeusi, kreti nyuma."

"Asifike bandarini, Melati."

"Hafiki."

Hakufika. Kwenye mteremko lori la saruji lilifunga breki ghafla. Honda ikateleza, dereva akabiringika hadi kwenye mtaro. Kabla hajainuka, goti la Wening lilikuwa mgongoni mwake na mdomo wa bastola, Pindad fupi, ukimgusa kisogo.

"Umebeba nini?"

"Majimoto, Mbak, dada yangu! Mayai ya majimoto, chakula cha ndege! Utaniua kwa sababu ya sisimizi?"

Kreti ilikuwa na chupa sita pana za plastiki zilizojaa majimoto wekundu wenye hasira. Hakuna askari wa forodha Java nzima anayetia mkono mle.

Wening alitia.

Walimuuma mpaka kwenye kiwiko. Katika chupa ya sita, chini ya hariri nyeupe waliyofuma, vidole vyake viligusa kitu kigumu. Kadi ya kumbukumbu, ndogo kama ukucha. Kulingana na Kituo, ndani yake mlikuwa na njia zote za boti za doria za miezi mitatu ijayo. Mnunuzi alikuwa mgeni aitwaye Roske, wakala wa meli zinazoiba samaki usiku na kuwafungia mabaharia wao bila pasi za kusafiria.

Kando ya kadi palikuwa na kitu kingine. Kipande cha sukari ya mnazi, kimefungwa kwa jani la mgomba na kutobolewa tundu moja, ili majimoto wasife njaa njiani.

Wening alikitazama kwa muda mrefu kuliko alivyoitazama kadi.

"Nani amefunga chupa hii?"

"Simjui, wallahi. Naikuta dukani tu. Bosi ndiye anayemjua. Kila Ijumaa saa nane mchana anakwenda mwenyewe kwa mfugaji huyo, Klaten."

Siku hiyo ilikuwa Ijumaa.

"Melati, Kituo. Roske anapanda meli jioni. Mpate mfugaji, utampata Roske."

"Nimeelewa."

Klaten kulikuwa na wafugaji watatu wakubwa wa majimoto. Kwa mmoja wao, Pak Tukijan, yaani Baba Tukijan, Wening alikuwa amepanga chumba miezi minane, akijifanya mchuuzi wa mayai. Huko ndiko alikojifunza kazi. Miguu ya rafu husimama kwenye bakuli za oli chafu ili majimoto wasitoroke. Maji ya sukari asubuhi, nyenje jioni. Na kabla ya kuweka chupa ngeni kwenye rafu, unalaza kijiti cha mwanzi katikati, unangoja.

"Waache waulizane kwanza, Nduk," Pak Tukijan alimwambia siku moja, akimwita vile baba wa Kijava anavyomwita binti yake. "Wakiwa wa ukoo mmoja watalambana. Wakiwa wageni, utafagia maiti mpaka kesho."

Alienda kwa mfugaji wa kwanza. Akalaza kijiti kati ya rafu na chupa ya sita. Majimoto walikutana katikati, wakakamatana taya kwa taya, wakaanguka wakiwa wameshikana.

Vita.

Kwa wa pili, vita. Mwenye rafu alipiga kelele, "We mwanamke una wazimu? Unaniulia majimoto wangu!"

"Samahani, Pak," alisema Wening, na sauti yake ilikuwa karibu na kilio. Alitamani wapatane pale. Alitamani sana.

Saa saba na nusu alisukuma lango la Pak Tukijan. Mzee hakuwepo uani. Rafu zote zilikuwa chini ya banda, na nje ya banda mti wa rambutani ulikuwa ukidondosha maji ya mvua.

Akalaza kijiti.

Majimoto mmoja alitoka kwenye chupa. Mwingine alishuka kutoka rafuni. Walikutana katikati, wakapapasana, wakalambana midomo. Kisha wakapishana kama watu wa nyumba moja ukumbini.

"Nilijua utakuja na kijiti," ilisema sauti nyuma yake.

Pak Tukijan alisimama na sahani ya tempe ya kukaanga, vipande vya soya iliyochachushwa. Ile ambayo humwekea kila Ijumaa anapotoka sokoni.

"Mbona hukutumia majimoto wa ukoo mwingine, Pak? Nisingekujua."

"Wageni hawafumi. Wanafuma kwao tu, na kadi ilitaka kufichwa."

"Na sukari?"

"Safari ndefu, Nduk. Wana kosa gani?"

Wening aliifunga kadi ndani ya ngumi. "Kwa nini, Pak?"

Mzee aliweka sahani chini. "Seno."

Mwanawe. Picha yake ilikuwa sebuleni, kijana mwenye kofia ya baharia, miaka minne hajarudi. Wening aligeuka, akabonyeza redio ya sikioni.

"Kituo. Baharia, jina Seno bin Tukijan, wa Klaten. Meli za Roske."

Kituo kikajibu, "Yumo kwenye orodha. Alifia melini mwaka wa pili. Walimtupa baharini. Mwambie mzee sasa hivi, Melati. Akivunjika, atatukabidhi Roske."

"Hapana."

"Hiyo ni amri."

Wening aliizima redio na kuitia mfukoni.

Gari lilisimama nje. Alijibanza nyuma ya rafu, Pindad mkononi.

Roske aliingia akitabasamu, shati safi, simu mkononi. "Pak! Leo mtoto ana habari nzuri." Akabonyeza. Sauti ya kijana ikajaa bandani. *Pak, hujambo? Mimi mzima.* Kikohozi. *Mvua zikiisha nakuja.*

"Silaha chini, Roske!" Wening alitokeza.

Mgeni alikuwa mwepesi. Alimvuta mzee mbele yake, bastola kwenye sikio lake.

"Tupa yako wewe, dada, au mzee anakwenda."

Wening hakuwa na pa kulenga.

Pak Tukijan aliinyoosha mikono taratibu. Akashika chupa kubwa kuliko zote, ile aliyoilea miaka sita, akaipindua juu ya bega lake mwenyewe na la Roske pamoja.

Roske alipiga yowe. Majimoto waliingia kwenye kola, machoni, masikioni. Bastola ilidondoka. Mapigo mawili ya Wening, na mgeni akawa chini, pingu mikononi.

Mzee alikuwa bado amesimama, naye ameenewa na majimoto. Hakujifuta.

Wening aliwapangusa mmoja mmoja usoni pake. "Pak. Kuhusu Seno..."

"Najua, Nduk."

"Unajua nini?"

"Kikohozi," alisema mzee. "Kila Ijumaa anakohoa palepale. Nilijua kabla mwaka wa kwanza wa sauti hizi haujaisha. Lakini ilikuwa sauti yake. Mimi ningeipata wapi sauti yake?"

Wening aliinama. Aliokota simu ya Roske. Ilikuwa ushahidi, haikuruhusiwa kuguswa. Akaituma sauti ile kwenye simu kuukuu ya Pak Tukijan, akafuta alama ya kutuma, akairudisha palepale.

Polisi walioitwa na majirani walipomchukua mzee pamoja na Roske, mzee aligeuka langoni. "Nyenje wapo kwenye ndoo, Nduk."

"Nimewaona, Pak."

Alipobaki peke yake alikata mianzi mirefu saba, akailaza kutoka kila rafu hadi kwenye mti wa rambutani. Majimoto wa kwanza alisita ukingoni. Akapapasa hewa. Akavuka. Kisha wakamfuata, mstari mwekundu, kila mmoja na yai jeupe mdomoni, kuelekea kwenye majani mabichi ambayo hawakuwahi kuyafuma.

Alirudisha redio sikioni.

"Melati! Uko wapi? Kadi?"

"Ninayo. Roske yuko ndani ya gari la polisi."

"Na mzee?"

"Andikeni kwamba ndiye aliyemkamata."

"Tutaandika. Ondoka hapo."

Wening alikula kipande kimoja cha tempe, kilichopoa. Akavaa kofia, akawasha Yamaha, akatoka langoni bila haraka. Majimoto mmoja alikuwa amebaki kwenye kifundo cha mkono wake, amemng'ata kwa nguvu zake zote.

Alimwacha aume.