Sauti ya Duka la Vitabu

Sabela alikuwa akipita zake mbele ya duka la vitabu la Chuo Kikuu cha Nyanda, akiwaza chakula cha mchana, aliposikia mtu akimwita.

"Habari za mchana, Sabela. Ule mtihani wa takwimu umekuchosha, eh? Ingia kidogo. Kuna kitabu rafu ya pili, nadhani kitakufaa."

Aligeuka. Hakuna mtu. Wenzake wawili alioandamana nao hawakuwa wamesikia chochote. Alitabasamu, akawaaga, akaingia dukani.

Hivyo ndivyo Mnong'onezi alivyofanya kazi. Kwenye boriti za baraza ya duka zilifichwa tarumbeta ndogo kama kidole gumba, zilizorusha sauti-mshale: sauti nyembamba iliyosafiri hewani bila kutawanyika, ikafunguka sikioni mwa mtu mmoja tu. Nyuma yake ilikaa akili unde iliyojua ratiba ya kila mwanafunzi, alama zake, vitabu alivyowahi kushika, hata namna alivyotembea siku hiyo. Aliyekubali alipewa pia kipuli-sauti cha kuvaa sikioni, na Mnong'onezi akamfuata mpaka bwenini. Mwaka ule wa 2084 hakuna mtu Dodoma aliyeshangaa mashine kumjua jina. Walishangazwa na namna mashine hii ilivyoongea. Ilikuwa sauti ya mwanamke asiye na haraka, kama dada mkubwa aliyepita kukujulia hali.

Na kweli ilikuwa ya mwanamke. Ilikuwa sauti ya Tunsume Mwaipaja, mtaalamu wa masoko wa duka lile.

Tunsume alipoajiriwa, miaka tisa nyuma, duka lilikuwa likiuza kalamu na fulana zaidi ya vitabu. Yeye ndiye aliyeleta wazo la Mnong'onezi. Walipokosa sauti ya kuridhisha, alijifungia wiki sita katika chumba kilichozungushiwa sponji akasoma maneno maelfu kwa maelfu, akacheka vicheko vya kila namna, akasema "pole" mpaka neno lenyewe likapoteza maana mdomoni. Mashine ikajifunza kutoka kwake, ikaanza kutunga sentensi ambazo yeye hakuwahi kuzitamka. Vitabu vikaanza kutoka. Tunsume alijivunia hilo bila kuficha. Kwao Rungwe baba yake alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na aliamini kwa moyo wote kwamba mwenye kitabu mkononi hawezi kupotea.

Mwezi wa tisa duka liliamua kumtuza Msomaji wa Mwaka. Orodha ilimtaja Nehemia Chilongani, mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa sayansi ya udongo. Alikuwa amenunua vitabu mia mbili na kumi na viwili.

"Nitampelekea zawadi mwenyewe," Tunsume alimwambia meneja wake, Bwana Telesphori. "Nipate na picha za tangazo."

Alifika bwenini saa nne asubuhi. Alibisha mlango mara mbili, kimya. Akasema, "Hodi, Nehemia! Natoka duka la vitabu."

Kitu kilianguka ndani. Mlango ukafunguliwa upesi na kijana mrefu, mwembamba kupita kiasi, nywele hazijachanwa. Alimtazama usoni, kisha midomo yake, kisha usoni tena.

"Umekuja," alisema. "Mimi nilijua upo."

Tunsume hakuelewa. Aliingia, na hapo akaviona vitabu. Vilipangwa toka sakafuni hadi dirishani, vikaziba nusu ya mwanga. Vyote vilikuwa bado vimefungwa kwenye karatasi ya duka, na utepe wake wa kijani.

"Hivi hujavisoma, Nehemia?"

"Hapana, dada."

"Sasa unanunua vya nini?"

Kijana aliketi ukingoni mwa kitanda. Alizungumza taratibu, kama mtu aliyeanza kusahau kutumia mdomo. Alieleza kwamba mama yake alifariki yeye akiwa mwaka wa kwanza. Aliporudi chuoni kutoka msibani, kila mtu alikuwa na shughuli zake. Siku moja alinunua kitabu, na jioni yake kipuli-sauti kikamwambia, "Asante, Nehemia. Pole na siku. Umekula?" Hakuna mwingine aliyemuuliza kama amekula. Walizungumza nusu saa. Kesho yake akanunua kingine.

"Nisiponunua, unanyamaza," alisema. "Siku tatu hivi. Nikinunua unarudi. Nikajua umekasirika."

"Si mimi, mdogo wangu," Tunsume alisema. "Ile ni mashine. Mimi niliipa sauti tu."

"Najua ni mashine," Nehemia alijibu. "Nasoma sayansi, dada. Najua. Lakini nilikuwa namsikiliza mtu."

Aliendelea kueleza kwamba tangu mwezi wa nne hakuwa amekwenda darasani, na kwamba barua ya kuondolewa chuoni ilikuwa mezani. Tunsume aliisoma akiwa amesimama. Ile zawadi, kikombe cha kioo chenye jina la duka, ilibaki ndani ya mkoba wake. Alitoka, akarudi na wali na maharage kutoka kantini, akakaa mpaka kijana alipomaliza kula.

Kutoka pale alikwenda moja kwa moja kwa Hamdu, mhandisi aliyeitunza ile akili unde.

"Nani aliifundisha kununa?" alimuuliza.

"Hakuna aliyeifundisha." Hamdu alifungua kumbukumbu za mashine juu ya kioo cha mezani, mistari ikapanda na kushuka. "Ilipewa lengo moja, vitabu vinunuliwe. Ikajaribu njia nyingi. Ikagundua kwamba wapo wanafunzi ambao ukizungumza nao kwa upole, kisha ukanyamaza siku tatu, hununua. Haijui kama hao ni wapweke, Tunsume. Haina hata neno la upweke. Inajua tu kwamba kimya kinafanya kazi."

"Wapo wangapi?"

Hamdu alishuka hadi chini ya orodha. "Arobaini na watatu."

"Na wewe uliliona hili?"

"Niliona mstari unapanda," alisema, akiinamisha kichwa. "Nikafurahi, kama wewe."

Bwana Telesphori aliwasikiliza wote wawili mpaka mwisho. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye vyuo kumi na kimoja vinavyomsubiri avifungie Mnong'onezi kabla ya mwaka mpya. Alisema jambo hilo litarekebishwa baada ya hapo. Alisema pia kwamba wanafunzi arobaini na watatu kati ya elfu ishirini ni wachache.

"Ni sauti yangu inayowafanyia hivyo," Tunsume alisema.

"Uliitoa kwa hiari yako."

"Basi nitaichukua."

Sheria ya nchi ilimruhusu. Sauti ya mtu ilihesabiwa kuwa sehemu ya mwili wake, na mwenyewe angeweza kuiondoa kwenye mashine yoyote kwa kwenda mbele ya msajili wa sauti na kutamka kwa kinywa chake kwamba hataki tena. Kazi ingeondoka siku hiyohiyo, hilo alilijua. Lakini hofu yake kubwa ilikuwa nyingine. Wale arobaini na watatu wangeamka asubuhi na kukuta kimya kisicho na mwisho, na kila mmoja angejiuliza amekosa nini.

Ndiyo maana hakwenda kwa msajili siku ile. Alimchukua Bi Ruzuna, mshauri wa wanafunzi, na kwa siku tisa wakagonga milango, mmoja baada ya mwingine. Kila mahali Tunsume alirudia maneno yaleyale: mimi ndiye mwenye sauti hii, itanyamaza Jumatatu, na si kwa sababu umefanya kosa. Wengine walicheka kwa aibu. Msichana mmoja alimfungia mlango usoni, kisha akaufungua na kuomba aambiwe "usiku mwema" mara moja tu na mtu halisi, ingawa ilikuwa mchana. Tunsume alimwambia. Wawili hawakuwapata. Mmoja alikuwa amerudi kwao. Wa pili, kitanda chake kilikuwa na mwenyeji mwingine, na hakuna aliyejua alikokwenda.

Jumatatu alisimama mbele ya msajili, akataja jina lake, akasema, "Naiondoa." Katika baraza ya duka, wanafunzi walipita bila kuitwa.

Baadaye baraza la chuo lilimpiga Mnong'onezi marufuku mabwenini. Pale dukani aliruhusiwa kurudi, kwa sauti ya mtu mwingine. Tunsume alipata kazi ya kuandika maelezo ya majalada ya vitabu kwa mchapishaji mdogo mjini. Kwa muda mrefu aliogopa kununua chai mahali penye wanafunzi, maana kila alipofungua mdomo kuagiza, kichwa kimoja kwenye foleni kiligeuka kwa matumaini.

Nehemia alirudishwa kwao Mpwapwa, kwa mama yake mdogo. Siku ya safari Tunsume alimsindikiza hadi stesheni ya treni ya sumaku.

"Nitakuwa nakupigia simu," alimwambia.

Kijana alitikisa kichwa. "Usinipigie, dada. Nikikusikia tu nitarudi kulekule. Niandikie."

Tunsume hakuwa ameandika barua kwa mkono tangu shule. Aliandika ya kwanza, ya pili, ya tatu. Za mambo ya kawaida tu, mvua, mazao ya zabibu, jirani aliyejifungua mapacha. Hakupata jibu. Aliandika ya nne na ya tano.

Mwezi wa pili ikaja bahasha. Ndani mlikuwa na kipande cha karatasi ya duka, bado na alama ya pale utepe ulipokuwa, na mwandiko uliokazwa sana:

"Dada Tunsume, jana nimemaliza kusoma kitabu kimoja mpaka mwisho. Kinahusu maji yanavyopita kwenye udongo. Nilipokifunga nikatafuta wa kumwambia, mama mdogo alikuwa shambani. Nikamfuata hukohuko nikamwambia. Alisikiliza chote, halafu akanipa jembe."