Damu ya Josepha Haikati

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Winifrida alimnawisha uso mdogo wake Josepha nyuma ya nyumba yao kule Murungu, Kibondo. Siku moja ya mwaka 1977, Josepha alilalamika kwamba jino linamuuma. Winifrida alilifunga uzi, akalivuta. Jino likatoka, na damu ikafuata.

Hadi saa nne damu ilikuwa haijakata.

"Ameanguka, mama," Winifrida alidanganya.

Zahanati ya kijiji ilishindwa kuizuia. Baba yao, Nestori, alisimamisha lori la mahindi, na dereva wake, Evaristi, akawakimbiza hospitali karibu na Kasulu. Walipofika, shingo ya Josepha ilikuwa imelegea na midomo imepauka. Mama alimwita kwa Kiha, asiitikiwe.

Daktari Gharibu alitafuta jeraha la kuanguka, asilione. "Anahitaji damu mbichi upesi," alisema. "Mzee, njoo tukupime."

Baba alikunja mkono wa shati. Winifrida akauzuia mkono ule.

"Hakuanguka!" alilia. "Mimi nilimng'oa jino! Na mimi pua hunitoka damu mpaka shuka linalowa, nalifua kwa siri. Baba naye akijikata kwa wembe, damu haikati!"

Daktari aligeuka. "Kweli, mzee?"

Nestori aliinamisha kichwa. "Kweli. Niliogopa watu waseme ukoo wangu umelogwa."

Evaristi akapimwa badala yake, damu yake ikafaa. Iliingia tone kwa tone. Baada ya saa mbili, pamba aliyowekewa Josepha kwenye pengo la jino ilitoka kavu. Mama aliketi sakafuni akalia.

Kesho yake daktari aliwaeleza: "Damu hugandishwa na protini. Mwili huzibandika protini hizo vipande vidogo sana vya sukari, navyo huzilinda zisiondolewe mapema. Nashuku kwenu protini moja ina kasoro, labda sukari zake hazikukaa sawa. Wataalamu bado wanachunguza."

"Basi tumpe chai yenye sukari nyingi?" mama aliuliza.

"Hapana, mama. Sukari hiyo mwili huibandika wenyewe. Ninyi mwambieni kila daktari mapema, kabla hajashika kisu."

Kisha akamgeukia Winifrida. "Ungenyamaza kidogo tu, tungemtia mdogo wako damu yenye kasoro ile ile, naye angekufa. Si kosa la jino lililotaka kumuua, mwanangu, ni lile la kuficha. Ukikosea, sema hapo hapo, hata ukiogopa."

Winifrida alikwenda kitandani, akaushika mkono wa Josepha. Ulikuwa na joto.